Nimekwisha Kutubu, Je, Bado Nina Deni?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda. Mwaka 2020, marufuku ya korona ilipotangazwa, sisi tusiouza chakula tuliondolewa sokoni, na mikutano ya kikundi chetu cha akiba ikasimama. Sanduku letu lina kufuli tatu, lakini kwa kuwa hatukuweza kukutana, funguo zote zililetwa kwangu niliyekuwa mweka hazina. Watoto walilala njaa. Nilichukua shilingi 600,000, na nilipoogopa siku ya hesabu nikaandika katika daftari kwamba mama mwenzetu mmoja, aliyekuwa amefariki karibuni, alizikopa. Tulipogawana akiba, watoto wake walikatwa deni hilo pamoja na riba. Mwaka jana niliokoka. Nililia mbele za Mungu, na kiongozi wa ushirika wetu akaniambia kwamba Mungu amesahau, nisifukue yaliyozikwa. Sasa nimechaguliwa kuongoza akina mama kanisani na usingizi umenitoka. Je, kwa shida ile, ilikuwa dhambi kweli? Na kama nimesamehewa, ninadaiwa nini tena? (Jina tumelihifadhi, Busia.)

JIBU: Dada yangu, nianze na swali la kwanza kwa kuwa ndilo jepesi. Ndiyo, ilikuwa dhambi, nawe unalijua hilo. Hata hivyo Biblia haiidharau njaa. Mithali 6:30-31 inakiri kwamba watu hawamdharau mwizi aliyeiba ili ashibe, kisha mstari unaofuata unasema kwamba akipatikana atalipa mara saba, hata ikibidi atoe mali yote ya nyumba yake. Huruma na deni vimewekwa pamoja, wala kimoja hakimfuti mwenzake. Sisi tulioishi Uganda mwaka ule tunakumbuka mpaka uliofungwa kwa wasafiri huku malori ya mizigo yakipita, makanisa yaliyofungwa milango, na shule ambazo hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Sioni mtu mwenye haki ya kukurushia jiwe kwa sababu ulitaka wanao wale. Vikundi vingi vya aina yenu huwa na mfuko wa jamii, unaotengwa kwa ajili ya misiba, magonjwa na dharura, na huenda wenzako wangekusaidia kama ungewaomba, hata kwa simu. Lakini hayo yamepita.

Lisilopita ni daftari. Kwa maoni yangu njaa inaeleza fedha tu: uliyechukua ulisukumwa na tumbo, lakini uliyeandika jina la marehemu ulisukumwa na hofu ya aibu, na hilo ndilo jambo zito zaidi katika barua yako ingawa umelitaja kwa sentensi moja.

Kiongozi wako alisema kweli, ila hakuimaliza. Mika 7:19 inasema kwamba Mungu huzitupa dhambi zetu katika vilindi vya bahari, na huenda alikuwa pia na Zaburi ya 51 moyoni, pale Daudi anapomwambia Mungu kwamba amemtenda dhambi yeye peke yake. Mstari huo umewapa watu wengi mahali pa kujificha. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria, askari wake, na kupanga Uria auawe vitani, na Mungu hakumwacha aimalize habari hiyo faraghani. Alimtuma nabii Nathani, naye Nathani akaanza na mfano wa maskini aliyenyang'anywa mwana-kondoo wake mmoja, yaani alimrudisha mfalme kwa mtu aliyedhulumiwa. Msamaha ulitangazwa papo hapo, katika 2 Samweli 12:13. Lakini jina la Uria halikuzikwa pamoja naye, kwa maana miaka mingi baadaye, Mathayo anapoorodhesha ukoo wa Yesu, anamtaja mama yake Sulemani kuwa ni yule aliyekuwa mke wa Uria. Dhambi ya Daudi imesamehewa, na marehemu bado ana haki yake katika ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya.

Sasa mtazame Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19 aliyeahidi kuwarudishia aliowadhulumu. Torati ilisema kwamba aliyemdhulumu mwenzake akaungama mwenyewe arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:6-7), ilhali mwizi aliyemchinja au kumwuza kondoo wa mtu alilipa kondoo wanne kwa mmoja (Kutoka 22:1). Zakayo alijitokeza mwenyewe, basi angeweza kuishia kwenye sehemu ya tano; badala yake alijihukumu kwa kipimo cha mwizi, mara nne. Lakini angalia pia kwamba Yesu alikwisha kujialika nyumbani kwake kabla ya senti hata moja kurudi. Hakulipa ili apokewe. Nakusihi ulishike hilo sana, kwa sababu kuna siku utakayokuwa umelipa kila kitu na watu watakuwa bado wanakunung'unikia, kama walivyonung'unika Yesu alipoingia kwa Zakayo.

Huku kwetu jambo hili si geni. Katika uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Kigezi, Ankole na Buganda katika miaka ya 1930, Balokole, yaani waliookoka, walijulikana hata kwa wasioamini kwa sababu walirudisha mali walizoiba na kulipa kodi walizokwepa. Nawaheshimu wazee hao, ila kuna jambo moja nisilolifuata: palikuwa na waliosimama wakaungama kila kitu mbele ya kila mtu, hata aibu za watu wengine zikaanikwa pamoja na zao. Ungamo lako lifike pale dhara lilipofika, lisizidi hapo. Waliodhurika ni kikundi na watoto wa marehemu. Kusanyiko zima la Jumapili halihusiki.

Basi mwambie mumeo kwanza, kama yupo, asije akalisikia sokoni. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kikundi, ukiwa na mtu mzima unayemwamini, na mfike pamoja kwa watoto na mlezi wao. Deni ni shilingi 600,000, na sehemu ya tano yake ni 120,000. Hizo ni 720,000, na juu yake riba yote waliyokatwa. Kama huna kiasi hicho, peleka ulicho nacho pamoja na maandishi ya jinsi utakavyomaliza, yakiwa yametiwa sahihi mbele ya mashahidi. Daftari lisahihishwe wanachama wakiona, na watoto wasikie kutoka kinywani mwako kwamba mama yao hakufa na deni. Utashawishika kutuma fedha kwa simu bila kujitambulisha, kama wafanyavyo wengine. Fedha zitafika, lakini jina la mama yao haliwezi kurudi kwa njia hiyo. Nafasi ya kuongoza akina mama iache kwa sasa, na mchungaji wako aelezwe sababu. Usiwadai wenye haki wakusamehe siku hiyohiyo. Huenda wakalia nawe, huenda wakaenda polisi. Siwezi kukuahidi lolote.

Kila tarehe 3 Juni tunajaa Namugongo kuwakumbuka wafia dini, na kila tarehe 16 Februari tunamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 siku chache baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga maovu ya utawala wake. Ni vyema, lakini nadhani mifano hiyo mikubwa hutufanya tuone kwamba uaminifu wa nyakati ngumu huulizwa penye moto na risasi tu, hali wengi wetu tutaulizwa tukiwa peke yetu na kalamu na funguo tatu.

SWALI: Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 na kuharibu makazi pamoja na hospitali ya Kilembe, wahubiri walisema tumeadhibiwa kwa dhambi zetu. Je, sisi wa Kasese tutubu nini kuliko wengine? (Msomaji, Kasese.)

JIBU: Hakuna. Katika Luka 13:1-5 Yesu aliletewa habari za msiba wa namna hiyohiyo, naye akawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageuzia wasikilizaji neno la toba. Hao wahubiri wangeanza na wao wenyewe. Dhambi ninayoweza kuihesabu katika mafuriko ni ya aina nyingine: kama yupo aliyemwuzia jirani kiwanja kando ya mto akijua kwamba maji hufika pale, huyo ana la kutubu, na ana fedha za mtu za kurudisha.