Kwa nini Microsoft haikugawanywa?

SWALI: Nasoma sheria, mwaka wa tatu. Tunafundishwa kwamba mwaka 2000 jaji wa Marekani aliamuru Microsoft igawanywe kampuni mbili, lakini ipo nzima hadi leo. Amri ilikwama wapi? Na mgawanyo ungevunjaje ukiritimba iwapo Windows ingebaki kwenye kampuni moja?

JIBU: Nianze na swali lako la pili, maana wengi hulipita. Ni kweli, amri ya Jaji Thomas Penfield Jackson ya 7 Juni 2000 iliiacha Windows nzima upande mmoja. Upande wa pili ungechukua Office, kivinjari cha Internet Explorer na programu nyingine. Lakini angalia kilichoilinda Windows: waandishi wa programu waliiandikia kwa kuwa wateja walikuwa huko, na wateja waliinunua kwa kuwa programu zilikuwa huko. Mmiliki wa Office aliyejitenga hana sababu ya kuilinda Windows; anataka kuuza Office, hata kwa watumiaji wa Linux, mfumo endeshi unaoshindana na Windows. Hapo ndipo mzunguko ungelegea. Wapo wachumi waliotaka Windows yenyewe igawiwe kampuni tatu zishindane, ila jaji hakufuata njia hiyo.

Amri ilikwama kwenye rufaa. Tarehe 28 Juni 2001 majaji saba mjini Washington walikubali kwa kauli moja kwamba Microsoft ilidumisha ukiritimba kinyume cha sheria. Usilisahau hilo: kampuni ilishindwa. Kilichofutwa ni nafuu, yaani hatua alizoamuru jaji ili kurekebisha kosa. Jackson hakusikiliza ushahidi kuhusu mgawanyo, hakutoa sababu za kutosha, na baadhi ya makosa aliyoyathibitisha yalitenguliwa. Tena alizungumza na waandishi wa habari faraghani kesi ikiendelea, akaondolewa kwenye kesi hiyo. Majaji walikumbusha pia kwamba Microsoft haikutokana na kuunganisha kampuni, kwa hiyo hakukuwa na mpaka wa zamani wa kuufuata katika kuigawa.

Kwangu mimi, kukosa kusikiliza ushahidi ndilo pigo kubwa. Hoja ya Office ilistahili kupimwa kwa mashahidi na kuhojiwa, na haikupata nafasi hiyo tena: Septemba 2001 serikali iliacha kudai mgawanyo. Nafuu iliyoidhinishwa Novemba 2002 ilihusu mwenendo tu. Watengenezaji wa kompyuta wasiadhibiwe kwa kuweka programu za washindani, na Microsoft itoe maelezo ya jinsi programu za wengine zinavyoweza kuunganika na Windows. Usimamizi wake uliisha Mei 2011.

Ukiandika insha, soma pia uamuzi wa Septemba 2025, ambapo Jaji Amit Mehta, katika kesi nyingine ya ukiritimba, alikataa kuilazimisha Google iuze kivinjari chake cha Chrome.