Dola ya 1884 yenye nywele bapa: imelika, au iligongwa hivyo?

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama dola yako ya Marekani ya madini ya fedha, ile ya Morgan (aina yenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili) ya 1884 yenye herufi O, kweli ni daraja la VF (Very Fine, yaani imetumika na kulika kiasi) kama ulivyoambiwa, kwa kuwa nywele za juu ya sikio ni bapa. Pili, kama uing'arishe ule weusi kabla hujamwonyesha mnunuzi. La pili nalijibu hapa hapa: usiing'arishe. Kitambaa, dawa ya meno, limau, unga wa kusugulia vyombo, vyote viweke mbali nayo. Sababu nitaifikia. Hilo la kwanza ndilo lenye kazi, na naona aliyekuambia VF aliharakisha.

Herufi O iliyo upande wa tai, chini ya shada na juu kidogo ya neno DOLLAR, ni ya kiwanda cha New Orleans. Dola nyingi za kiwanda kile zilitoka zikiwa zimegongwa kwa nguvu pungufu. Sarafu inapogongwa, fedha inasukumwa ijae ndani ya mashimo ya kalibu mbili, yaani vyuma vilivyochongwa picha ya sarafu, moja juu na nyingine chini. Kwenye Morgan, nywele za juu ya sikio na kifua cha tai viko katikati ya sarafu, mgongo kwa mgongo, na vyote viwili vinadai fedha nyingi. Nguvu isipotosha, hapo ndipo fedha inaposhindwa kufika. Sarafu inatoka mashineni mpya kabisa huku nywele zikiwa bapa na kifua cha tai hakina manyoya. Ukiiweka kando ya dola ya 1881 ya San Francisco, yenye herufi S, utadhani moja imetumika miaka na nyingine imetunzwa, kumbe zote mbili huenda hazijawahi kupita mikononi mwa watu. Kwa hiyo nywele peke yake hazitoi hukumu.

Kinachohukumu ni mng'ao. Zima taa za darini, hasa zile ndefu za mirija, uwashe taa moja ya mezani. Shika sarafu ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, juu ya kitu laini isije ikaponyoka, kisha iinamishe polepole na kuizungusha. Sarafu ambayo haijatumika huonyesha miale inayozunguka usoni mwake kama spoku za gurudumu. Miale hiyo ina chanzo chake: fedha ilipokuwa ikikimbilia ukingoni chini ya kishindo cha kalibu iliacha mistari midogo mno inayoelekea nje, na mistari hiyo ndiyo inayorudisha mwanga. Ni ya juu juu sana. Msuguano kidogo tu wa vidole, mfuko au sarafu nyingine unaifuta, na ikishafutika hakuna dawa ya kuirudisha.

Sasa lenga shavu la yule mwanamke na zile nywele bapa. Mwale ukipita juu yake bila kukatika, ubapa huo ni wa kugongwa. Chukua kioo cha kukuzia mara tano hadi kumi uangalie hapo hapo: mara nyingi utaona vijishimo na mikwaruzo ya kile kipande cha fedha kabla hakijagongwa, ambavyo kalibu haikufika kuvilainisha. Lakini mwale ukifika shavuni ukazimika, pakabaki rangi ya kijivu iliyopooza, halafu ukawaka tena kati ya herufi na nyota ambako vidole havifiki, hiyo imetumika. Kama ni kidogo tu, iko kwenye AU (About Uncirculated, karibu haijatumika), yaani 50 hadi 58. Mng'ao ukiwa umebaki kwenye vificho tu, unashuka EF (Extremely Fine, imelika kidogo), 40 au 45. VF inaanzia 20 hadi 35, na huko kulika hakuhitaji taa, kunaonekana mchana kweupe. Namba hizi zinatokana na kipimo cha 1 hadi 70 alichokitoa William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, baadaye kikatumika kwa sarafu zote. Kampuni za kupima madaraja ya sarafu, PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987, zote zinapima kwa kipimo hicho.

Usishtuke ukikuta shavu limejaa alama za kugongwagongwa. Dola hizi zilihifadhiwa kwenye magunia ya sarafu 1,000, karibu kilo 27 kila gunia, na kila gunia lilipotupwa au kuburutwa sarafu zilichubuana. Alama hizo hushusha namba ndani ya MS (Mint State, yaani haijatumika), 60 hadi 70, lakini haziitoi sarafu kwenye MS. Na kwa mwaka wako uwezekano wa kukuta ambayo haijatumika ni mkubwa. Ziligongwa zaidi ya milioni 9, na ingawa sheria ya Pittman ya 1918 iliyeyusha zaidi ya dola milioni 270 za fedha, magunia mengi ya New Orleans yalibaki kwenye hazina ya serikali mpaka yakatolewa miaka ya 1960.

Nirudi kwenye weusi. Huo ni utando wa salfa na fedha, na ukiuondoa unaondoka na fedha yenyewe, pamoja na ile mistari ya mng'ao. Nimeshika dola nyingi zilizosuguliwa: zinameta kwa mbali, lakini chini ya taa mwanga umelala, hauzunguki. Ukiiinamisha unaona mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Hapa wengi hubabaika, kwa sababu kalibu nayo ilikuwa ikisafishwa kiwandani na kuacha mistari yake kwenye sarafu. Tofauti yake iko wazi ukiwa na kioo. Mistari ya kalibu imeinuka, nayo huishia pale uwanja, yaani sehemu tupu ya sarafu, unapokutana na picha ya kichwa. Ya kusuguliwa imechimba chini, na inapanda mpaka shavuni bila kujali mpaka. Wapimaji wakiiona hii ya pili kwa kawaida hawatoi namba, wanaandika tu daraja la jumla na kwamba imesafishwa, hata kama nywele zote zimesimama.

Kitu kimoja tu ninachoruhusu ni asetoni safi, kama kuna ute wa kijani unaonata unaotokana na plastiki ya PVC. Itumbukize, itoe, iache ikauke yenyewe bila kufuta, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Asetoni haiigusi fedha.

Ipime pia uzito: inatakiwa iwe karibu sana na gramu 26.73, na upana milimita 38.1. Ikipungua sana huku picha yake ikiwa haijalika, hapo suala la daraja liache kwanza, tuzungumze kama ni halisi.

Ukishaitazama chini ya taa, weka picha mbili za upande wa kichwa, moja mwanga ukitoka kushoto na nyingine ukitoka kulia, bila flashi. Nikiona mwale unavyopita shavuni nitakuambia naiweka MS au AU.