Samaki-chura wangu amemmeza mwenzake na sasa hataki kula

SWALI: Nina samaki-chura wa njano mwenye vinundu, urefu wake ni kama sentimita 6, ambaye nimekaa naye wiki saba katika tangi la maji ya bahari la lita 110. Siku tisa zilizopita alimmeza samaki mwingine aliyekaribia kulingana naye kwa urefu. Tangu siku hiyo hagusi kamba ninaompa, tumbo lake bado limejaa kidogo, anapiga miayo mara kwa mara, na rangi yake inageuka kuwa ya kahawia. Nimeshauriwa nimtoe majini nimlishe kwa nguvu. Je, ushauri huo ni sahihi?

JIBU: Tafadhali usimtoe majini. Samaki wa jamii hii akiinuliwa hewani huweza kuvuta hewa tumboni kama anavyovuta maji, na hewa hiyo ni vigumu kwake kuitoa, kwa hiyo hubaki akielea kichwa juu huku akihangaika hadi nguvu zinamwishia. Hata unapomhamisha kutoka tangi moja kwenda jingine, zamisha chombo ndani ya maji, mwelekeze aingie taratibu, kisha uhamishe samaki pamoja na maji yake.

Kuhusu kula, siku tisa za kufunga baada ya mlo wa ukubwa huo hazinitii wasiwasi. Huyu ni mwindaji wa kuvizia, aliyeumbwa kukaa kimya juu ya mwamba au sifongo akipunga chambo kilichoota juu ya pua yake, na windo likisogea hulivuta ndani kwa muda wa takriban milisekunde 6, huku uwazi wa kinywa chake ukitanuka hadi mara 12 ya ukubwa wake wa kawaida. Baharini hajui mlo wa pili utakuja lini, kwa hiyo hakatai chochote kinachoweza kupita kinywani. Tabia hiyo inayomwokoa baharini ndiyo inayomwua tangini, ambako chakula hakikosekani. Windo kubwa mno hukaa tumboni muda mrefu kuliko uwezo wake wa kulimeng'enya, likaanza kuoza na kutoa gesi kabla halijasagika. Wengi wanaoniandikia huogopa kwamba samaki-chura wao atakufa kwa njaa, ilhali mimi nimewaona wengi zaidi wakifa kwa shibe. Wa kwanza niliyemtunza alikufa hivyo, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu nilimlisha kila alipopunga chambo.

Kwa hiyo kazi yako wiki hii ni kumwacha apumzike na kuyashughulikia maji. Pima amonia na nitriti, yaani sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, leo, kisha uendelee kupima kila siku hadi tumbo litakapopungua, kwa sababu mlo mmoja mkubwa huleta uchafu mwingi kwa mpigo ambao bakteria wa chujio dogo hawakuwa wamejiandaa kuupokea. Vyote viwili vinapaswa kuwa sifuri, na nitrati, ambayo ndiyo zao la mwisho la uchafu huo, ibaki chini ya miligramu 20 kwa lita. Usidharau kiasi kidogo cha amonia, kwa kuwa kadiri pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali yenye sumu, na maji ya bahari hukaa kwenye pH ya 8.1 hadi 8.4. Ukiikuta, badilisha asilimia 20 ya maji kwa maji mapya yenye joto na chumvi ile ile. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi, na chumvi iwe gramu 35 hivi kwa lita.

Miayo peke yake si ugonjwa. Samaki-chura mzima hupiga miayo, wakati mwingine akinyoosha taya, wakati mwingine akimwonya anayemkaribia. Rangi nayo isikutishe. Hubadilika kwa siku kadhaa au wiki kadhaa ili ifanane na mahali anapokaa, na nadhani ukitazama mawe yaliyo karibu naye utaikuta kahawia hiyo hiyo. Ukitamani abaki wa njano, unaweza kumwekea sifongo au pambo la rangi hiyo pale anapopenda kukaa, ingawa hakuna uhakika kwamba atakubali.

Dalili ya kuaminika zaidi ni pumzi. Tundu la matamvua yake ni dogo na limejificha nyuma ya pezi la kifuani, hivyo mtazame kwa ubavu kila asubuhi kabla ya taa kuwaka, uhesabu mapigo ya pumzi kwa dakika moja, uandike. Hesabu hiyo ikipanda siku baada ya siku, au ukimwona amelala ubavu, anaelea bila kupenda, au tumbo linavimba upya ilhali hajala, mwite daktari wa wanyama anayetibu samaki. Usimwage dawa ya shaba ndani ya tangi kwa kubahatisha. Ngozi yake haina magamba ya kawaida ya kuikinga, na dawa hiyo itawaua pia viumbe wadogo walio ndani ya mawe.

Tumbo likisharudi bapa, subiri siku mbili zaidi, kisha mpe kamba mmoja mdogo, asiyezidi theluthi ya urefu wa samaki mwenyewe, ukimshika kwa koleo refu na kumtikisa polepole mbele ya chambo chake. Baada ya hapo mara mbili kwa wiki zinatosha kwa samaki wa ukubwa huo. Mzoeshe kamba na vipande vya samaki wa baharini waliogandishwa, kisha wakayeyushwa. Samaki wa dhahabu wa maji baridi wasiwe chakula chake, kwa sababu mafuta yao hayalingani na mahitaji ya samaki wa baharini, na miili yao ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Wenzake tangini waondoe, wakubwa kwa wadogo. Wadogo atawameza, na wakubwa wenye kudonoa watamnyofoa chambo na ngozi, naye hana mbio za kuwakwepa. Samaki-chura wa pili naye asiwekwe, maana humezana wao kwa wao.

Jambo la mwisho linahusu siku za mbele, endapo samaki wako ni jike. Huenda siku moja ukamwona amevimba sana ingawa umemlisha kwa kipimo, na asubuhi ukakuta utando mpana kama ute ukielea juu ya maji. Hayo ni mayai, na bila dume hayatatotoa. Yaondoe mara moja kwa bakuli kabla hayajaoza na kunaswa kwenye chujio, kisha upime amonia siku hiyo na siku inayofuata.