Maswali ya Magari ya Zamani: Bakuli la taa limeoza

SWALI: Shikamoo fundi. Baba ameacha kuendesha, akanikabidhi Land Rover yake 109 Series III ya mwaka 1976. Bodi bado inatamanika, lakini taa kubwa za mbele zinatikisika, na ya kushoto inawaka hafifu. Nilipofungua nikakuta lile bakuli la chuma linaloshika taa kwa nyuma limeliwa na kutu hadi kutoboka. Fundi mmoja anasema apake plasta, apige rangi, yaishe. Mwingine anasema ninunue balbu kali zaidi. Nimsikilize nani?
Binti wa Kibosho, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimsikilize hata mmoja. Plasta ni ya kusawazisha bodi, haibebi uzito wala mtikisiko. Ukiipaka juu ya kutu, kutu inaendelea kula chini kwa chini, mpaka siku taa ibaki inaning'inia kwenye nyaya.

Wengi husugua upande wa mbele kwa sababu ndio unaoonekana taa ikitoka. Bakuli la Land Rover huoza kuanzia nyuma, ndani ya madigadi, ambako tairi linarusha matope. Ingiza mkono juu ya tairi upapase mgongo wake. Pale juu utakuta tope limekaa kwenye kipembe, nje limekauka, ukilibandua ndani bado bichi. Kwa masika ya huko kwenu, kuanzia Machi hadi Mei, chuma hicho hakipati siku ya kukauka. Hapa Arusha naletewa magari yaliyopakwa rangi vizuri mbele, na mgongo wa bakuli haujaguswa. Inaniuma, kwa sababu mwenye gari amelipa.

Kwa hiyo litoe bakuli zima. Lioshe, kisha bonyeza kila penye kutu kwa ncha ya bisibisi. Panapobonyea hapana chuma tena, pakatwe. Panapogoma panaokoleka, na hapo usikimbilie grainda, maana bati lenyewe jembamba. Kutu itolewe kwa umeme: tumia ndoo ya plastiki, maji, na sodiamu kaboneti (soda ya kufulia) kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Magadi ya sokoni mara nyingi yana chumvi, na chumvi ni rafiki wa kutu, yaache jikoni. Chaji ya betri ya volti 12: hasi ifungwe kwenye bakuli, chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida, vyote viwili vizame ndani ya maji hayo, visigusane. Usitumie stenlesi, inatoa sumu kwenye maji. Fanyia kazi hiyo nje, mbali na moto, kwa kuwa gesi inayotoka inalipuka. Zima chaji kabla ya kuingiza mkono. Kesho yake kutu inatoka kwa brashi tu.

Palipotoboka, kiraka kikatwe kutoka mlango wa gari chakavu, kichomelewe kwa gesi au kwa mashine ya CO2, nukta kwa nukta. Welding ya stiki italitoboa zaidi. Kama ukingo unaoshika skrubu umekwisha, usihangaike na viraka. Yapo mabakuli ya plastiki ya taa za inchi 7, hayaozi, na kwa gari la kupanda Kibosho kila siku mimi ningeyafunga bila kusita.

Ukibaki na la chuma, piga praima ya epoksi na rangi pande zote, mgongoni uongeze rangi nzito ya chini ya gari. Kumbuka pia kwamba bodi yako ni alumini. Land Rover zilianza hivyo mwaka 1948, Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Chuma na alumini vikigusana penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe utakaouona kuzunguka matundu ya skrubu ndio huo. Weka gasketi ya mpira, na skrubu zipake grisi.

Sasa ile taa hafifu. Washa taa, ncha moja ya mita ya kupimia volti iguse hasi ya betri, nyingine iguse waya mweusi unapoingia kwenye soketi ya taa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ugonjwa uko kwenye waya huo unapofungwa kwenye bodi: fungua, sugua hadi metali ing'ae, funga upya. Balbu ya wati 55 inavuta kama ampea 4 na nusu, na kutu kidogo tu hapo inaweza kumeza volti 2. Balbu kali inavuta umeme mwingi zaidi, kwa hiyo inapoteza zaidi na kuchemsha swichi ya zamani.

SWALI: Fundi, nina VW Beetle, kutu iko sehemu ile ile. Dawa ni moja?
Msomaji, Njiro

JIBU: Hapana. Kwenye Beetle bakuli limechomelewa kwenye madigadi, na huoza chini, tundu la kutolea maji likiziba. Zibua tundu kwanza. Kama pameoza sana, badilisha madigadi lote, linafungwa kwa bolti. Angalia tu umri wa gari: kuanzia modeli ya 1968 taa zinasimama wima, za kabla yake zimelala nyuma, na madigadi hayo si ya namna moja.