Namba ya ploti isome kutoka nyuma

Wewe uliyeanza kazi juzi kwa wakili Mombasa, hivi karibuni utakabidhiwa hati yenye namba kama 214/III/MN uambiwe ukafanye upekuzi, yaani ukaangalie kwenye rejista ya ardhi ploti ni ya nani. Isome kutoka nyuma. MN ni Mainland North, yaani bara ya kaskazini. III ni seksheni. 214 ndiyo ploti yenyewe. Nyali ni seksheni I, Mtwapa na Kikambala III. Ukivuka Likoni unakuta MS, bara ya kusini.

Wageni hucheka: Mtwapa nayo ni bara? Waliogawa walijiweka kisiwani Mombasa, na kwa mtu wa kisiwani bara inaanza pale anapovuka maji. Kinachochekesha zaidi, hati za "bara" hiyo hubeba herufi CR, rejista ya pwani. IR ndiyo bara ya kina Nairobi. Wala usishangae kwamba Mtwapa iko kaunti ya Kilifi. Mipaka hiyo ilichorwa zamani, kaunti hazijazaliwa.

Mzizi wa hati hizi za pwani ni sheria ya hati za ardhi ya 1908. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia kwa mkataba wa 1895. Mwenye madai ya ardhi alitakiwa ayapeleke yasikilizwe, apewe hati. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali. Wenye karatasi walipata. Wamijikenda wengi, ambao ushahidi wao ulikuwa minazi na makaburi ya wazee, wakajikuta maskwota palepale walipozaliwa. Kwa hiyo mzee akija na maelezo marefu ya mwembe na kaburi, mwache amalize, na uandike. Hayo huyapati kwenye faili.

Mimi mwaka wangu wa kwanza nilinakili namba kutoka fotokopi iliyofifia. Kijiti kimoja cha III kilikuwa hakionekani, nikaandika II. Upekuzi ukarudi safi kabisa, wa kiwanja cha mtu mwingine, na mteja alikuwa ameshaanza kutafuta mkopo. Tangu hapo naandika pembeni kwa penseli: "seksheni ya tatu", kwa maneno.

Sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 ilizifuta zile za kikoloni na namba zinabadilishwa ziwe za mtindo mmoja. Ukipokea mpya, ya zamani usiikate. Iandike juu ya jalada, kwa sababu ramani za wapimaji na mikataba ya miaka ya nyuma zinaijua hiyo tu.