Mnaolinganisha filamu na riwaya, njooni hapa kidogo

Kamwene wadogo zangu. Wiki hii nimekaa kwenye semina za mwaka wa kwanza hapa Iringa, makundi sita, kazi ni kulinganisha Vuta N'kuvute ya kitabu, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya 1999, na ile filamu ya Amil Shivji ya 2021. Makundi matano yamemaliza na sentensi ileile, "filamu haijaitendea haki riwaya". La sita umeme ulikatika kabla hawajafika huko. Nawapenda ila mnanichosha, haya sikilizeni.

1. Soma kitabu. Chote. Najua mtasema mlishakisoma kidato cha tano na sita, hapana bwana, mlisoma madesa, yaani notsi za dhamira na wahusika, nawajua kwa sababu na mimi ndo nilikuwa hivyohivyo, na ngoja niwaambie kilichonikuta.

Mwaka wa pili, zamu yangu ya kuprezenti. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, lilikuwa limetoka wiki ileile basi kitabu nikakifungua usiku wa kuamkia semina, kurasa mbili tatu usingizi huo. Sasa pale mwanzo kabisa tunaelezwa uso wa Yasmin, yule binti mhusika mkuu, uso mdogo, wa mviringo kama tungule. Mimi kusoma tungule nikasema ahaa, tunguri! Kile kibuyu cha mganga. Kamusi ilikuwa mezani, hatua mbili tu kutoka kitandani, lakini baridi la huku la mwezi wa saba mnalijua, nani atoke kwenye blanketi. Nikajenga hoja nzima juu ya tunguri jamani! Kwamba mwandishi kaanza na ishara ya uganga kutuonesha binti aliyefungwa na mila, na mwongozaji kaitoa ishara hiyo kwenye filamu kwa woga. "Kwa woga" nilisema kwa sauti, nikanyamaza kidogo iwaingie. Nyuma kulikuwa na dada mmoja wa Pemba, mpole, haongeagi, akanyoosha mkono. "Samahani kaka, kwani kwenu nyanya mwaiitaje?" Sijamwelewa, nikajibu tunaiita nyanya. Akasema, "Sie twaiita tungule."

Mimi mtoto wa Ilula. Ilula! Ada yangu ya sekondari yote imetoka kwenye matenga ya nyanya pale barabarani, nimepanga nyanya kwenye tenga tangu sijaota meno ya ukubwa, ngumu chini zilizoiva juu, halafu nimesimama mbele ya watu arobaini nawaelezea nyanya kuwa ni kibuyu cha mganga. Lekchara alivua miwani akaifuta, akavaa, akavua akafuta tena. Darasa lilicheka vipi sikumbuki maana nilikuwa naangalia viatu vyangu. Nilipata 9 kati ya 20 na pembeni kaandika neno moja tu kwa wino mwekundu, "Nyanya". Mpaka namaliza chuo jina langu lilikuwa Tungule, kuna watu hata hawakuwahi kujua naitwa nani. Mama sijamwambia hadi leo.

2. Acheni kuhesabu vilivyokatwa. Filamu ni saa moja na nusu hivi, lazima vikatwe. Uliza vimekatwa ili iweje. Kitabu kinakukalisha kwenye ndoa ya Yasmin wa miaka 15 na Bwana Raza aliyeshapita 50, kinakupeleka nao mpaka Mombasa, unamchoka huyo mzee kama binti anavyomchoka, na ndo maana akitoroka unashangilia. Filamu ina haraka ya kufika kwa Denge, yule kijana mpigania uhuru, na mapambano ya kumtoa mkoloni. Sasa hapo una cha kuandika, wewe unaniletea jedwali la "sehemu zilizokosekana", kwani tunakagua stoo?

3. Sikilizeni na masikio. Mwajuma, rafiki yake Yasmin, kaigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kwelikweli huko Zanzibar, taarabu unayoisoma kitabuni kimyakimya, kwenye filamu ina koo na pumzi. Hakuna kundi hata moja lililogusa sauti. Mlikuwa mnaangalia kwenye simu ndani ya daladala bila spika au?

4. Namba ya ukurasa, na dakika ya filamu. Kila hoja. Sirudii.

5. Kamusi, sababu mmeshaisoma hapo juu.

Halafu kundi la pili, nimerudia kusoma kazi yenu mara mbili nikidhani nimechoka mimi. Mmeandika Bwana Raza ni baba yake Yasmin. Kesho saa nne njooni wote watano, mje na kitabu, sio simu.