Usitupe Sweta Yenye Mikono Mifupi

Juzi dada mmoja wa Kayole ameniandikia: kafuma sweta 20 za shule, mikono yote imetoka mifupi, anauliza kama aanze upya. Dada yangu, usianze upya. Januari, wiki ya kufungua shule, yalinikuta hayo hayo, na zangu zilikuwa 36.

Nilizipeleka mwenyewe kwa bodaboda kutoka Kariobangi. Mwalimu akamvisha mtoto moja, akamwambia anyooshe mkono. Ribu, ule ukingo wa kuvutika mwishoni mwa mkono, ikapanda, kifundo kikabaki nje. Akanirudishia gunia mbele ya wazazi waliokuwa kwenye foleni, akaniuliza kama kweli najua kufuma. Miaka 11 kwenye mashine, naulizwa hivyo! Hadi leo nikipita lile lango moyo unanienda mbio.

Kaunta ya mashine ilikuwa sawa: safu 120 kila mkono, kama sampuli. Kumbe uzi ulipoisha nilifunga koni ya uzi mwembamba kidogo, nikakaza mkazo kwenye kareji, kile kipande kinachopita juu ya sindano za mashine, kutoka 7 hadi 6. Safu ni zile zile, lakini badala ya sentimita 40 nikapata 37. Kaunta huhesabu safu, haipimi urefu. Pima kwa futi kamba, kila ukibadilisha koni.

Sasa kufumua. Fungua mshono wa chini ya mkono, sentimita 10 hivi kutoka kwenye ribu. Chukua uzi mwembamba wa rangi nyingine, upitishe kwa sindano butu ndani ya kila kitanzi cha safu moja juu ya ribu. Ruka safu moja, upitishe mwingine. Ile safu ya katikati ndiyo utakayokata: kitanzi kimoja tu, karibu na ukingo. Vuta uzi wake polepole. Kitambaa kitajikunja kama pazia, halafu kitaachia, na utabaki na vipande viwili, vitanzi vyote vimeshikwa. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka. Kufikia ya kumi nilikuwa navuta huku naongea na mwanangu.

Vitundike vitanzi vya mkono kwenye sindano za mashine, vyote vikiangalia upande mmoja, maana kimoja kikijipinda kitaonekana. Ongeza safu zako, kisha tundika vitanzi vya ribu juu ya sindano zile zile, uso kwa uso, ufunge pamoja. Ndani kutabaki mstari mwembamba. Nje huoni kitu. Tumia koni yenye namba ile ile ya rangi. Na ukimaliza usipige pasi ya moto: uzi wa akriliki ukiungua hulegea na haurudi.

Usiku tatu, mikono 72. Nilipozirudisha, mwalimu yule yule alivuta mkono mmoja mmoja, akapiga muhuri kitabuni bila kusema neno. Pole sikuisikia.

Wafumaji wenzangu, tusikubali kudharauliwa kwa kosa linalorekebishika, na tusiwapelekee watoto wa watu sweta tusiyoivisha wetu. Mzazi amejinyima kuinunua. Pima kabla hujashona, pima tena kabla hujapeleka.

Dada wa Kayole, leo usiku anza na moja tu, ile iliyotoka vibaya zaidi, na kabla ya kukata hesabu vitanzi kwenye nyuzi zote mbili.